Kaseti Iliyovunjwa Meno

Muasya alinifuta mara ya kwanza kwa wino mweupe.

Ni ule wino wa makarani, wa kichupa chenye brashi kifunikoni, wa kuzibia makosa ya taipu. Muasya alitembea nao katika mfuko wa shati kando ya kalamu, ili hata muuza sukuma wiki ajue kwamba hapa amepita mtu wa ofisi. Programu za mazishi ya Kalekye zilikuwa zimeshapigwa taipu na kutolewa nakala, na kwenye majina ya wafiwa langu lilikuwamo: Mbithe, mke wa marehemu. Muasya akajiweka kwenye kiti cha marehemu, akaagiza chai, akaanza kupaka jina langu weupe kwenye kila nakala. Alipaka, akapuliza, akamega chapati, akachukua nakala nyingine.

"Kwa Kiingereza hii inaitwa erase," alitutangazia sisi tuliokuwa tukiosha sufuria za matanga. "To erase. Si kama rub. Rub ni ya watoto wa shule na ubao wao. Si kama cancel. Cancel unapiga mstari na maneno bado yanaonekana. Erase ni kutoa kitu kabisa, hata alama haibaki. Ni kama hakikuwahi kuwako."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Muasya huwa haulizwi, ila hujibu.

Nilifuta mikono kwa leso, nikachukua nakala moja, nikaielekeza dirishani. Kwa nyuma jina langu lilionekana vizuri kabisa, limegeuka tu. Nikacheka kwa sauti, mle mle matangani, na kina mama wa kanisa wakaniangalia kama mtu asiye na adabu. Walikuwa hawajui ninachocheka. Walidhani nafurahia kifo.

Nieleze basi mimi ni nani, maana ukimuuliza Muasya atakwambia nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani.

Kalekye aliolewa na Maingi huko kwetu Mwingi, na Maingi akafa kabla hawajajaliwa mtoto. Kwetu Ukambani mwanamke wa namna hiyo si lazima akae akingojea huruma ya mashemeji. Akiwa na uwezo, anaoa. Ndiyo, anaoa yeye mwenyewe. Anapeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa msichana, kama mwanamume yeyote anayetaka mke, na wakipokelewa ndoa imefungwa. Msichana akija anaitwa iweto. Ni mke wa yule mama, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya yule mama, wanaitwa kwa jina la mumewe aliyekufa. Mimi ni iweto wa Kalekye. Mbuzi wake walifika kwa baba yangu wakiwa hai na njaa, na mmoja wao akatafuna ukingo wa kofia ya baba wakati wazee wakisalimiana. Nikaja Nairobi na sanduku la bati, nikamzaa Nthoki. Baba mzazi wa Nthoki ni nani? Iweto haulizwi swali hilo, na wewe unayesoma usianze.

Nyumba yenyewe iko Dandora. Kalekye alipata ploti wakati ule jiji lilipokuwa likigawa ploti zenye choo na mfereji peke yake, yaliyobaki ukajijengee. Tukajijengea. Nilibeba mchanga na kokoto, Kalekye akinielekeza weka hapa, weka pale, Nthoki akiwa tumboni anapiga mateke, na moshi wa jalala la jiji ukitujia kila upepo ulipogeuka. Tulipomaliza tulikuwa na vyumba vya kulala na vingine vya kupangisha. Muasya, ambaye ni mtoto wa ndugu ya Maingi na alikuwa akimwita Kalekye mama mkubwa kila alipotaka kitu, hakuleta hata msumari. Alikuja kutoka kwake Buru Buru nyumba ilipokwisha, akasimama mlangoni na suti yake, akauliza mahali pa kufutia viatu.

Huyo ndiye, Kalekye alipofariki, aliyegundua kwamba mimi sipo.

Hoja yake aliitoa siku moja akiwa ameketi mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, niliyompakulia mwenyewe. "Nimetafuta iweto kwenye dictionary," alisema. "Hakuna. Hilo neno haliko. Sasa mtu atakuwaje kitu ambacho hakiko?"

"Na muthokoi?" nikamuuliza. "Muthokoi umo humo?"

Akafikiri kidogo. "Haumo."

"Basi rudisha sahani."

Hakurudisha. Aliikwangua mpaka mchoro wa ua ukaonekana, akasema kanisa nalo halitambui mambo ya giza kama hayo, akaomba maji ya kunawa.

Ningemcheka mpaka leo kama jambo lenyewe lingekuwa la kucheka. Lakini kama mimi si mke wa Kalekye, basi Nthoki si mtoto wa nyumba ile, na kama si mtoto wa nyumba ile, sote wawili tulikuwa ni watu waliolala pale kwa hisani na sasa hisani imekwisha. Mashahidi wangu walikuwa wamekwenda. Baba aliyewapokea mbuzi alikuwa amekufa. Kalekye aliyewatoa amekufa. Aliyewaswaga mbuzi kutoka kwao hadi kwetu, kijana mmoja asiye na kazi wala tai wakati ule, alikuwa ni huyu huyu Muasya, na Muasya sasa alikuwa hakumbuki mbuzi wowote. Aliapa mbele ya ukoo. "Mimi sikuona mbuzi," alisema, na mkono ameuweka juu ya moyo, karibu na kichupa chake.

Nilibaki na kaseti.

Kaseti ile ni kazi ya jirani yetu Fowsiya. Fowsiya ni Msomali, anauza vitambaa Eastleigh, na kwao hawahangaiki na barua. Kaka zake walikuwa Jidda, na wao kwa wao walitumiana kaseti: mtu anaketi, anabonyeza, anaongea mpaka upande uishe, anampa msafiri. Kalekye hakujua kusoma. Kwa miaka alikuwa akimwambia Muasya maneno ya kuandika katika barua za nyumbani, na Muasya akiyarekebisha, mpaka watu wa Mwingi wakashangaa Kalekye ameanza lini kusema "with reference to". Alipoona kaseti za Fowsiya alifurahi sana. "Kumbe maneno yanaweza kwenda yenyewe," alisema, "bila kupitia kwa yule mjinga."

Ilikuwa ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, na alijua, ingawa sisi wengine tulijifanya hatujui. Fowsiya akaleta redio yake ya kaseti, akaiweka juu ya stuli karibu na jiko, nami huku nasonga ugali wa yale mahindi yaliyonuka gunia. Kalekye akajifunga leso vizuri, kana kwamba mashine itamwona, akasema kwa Kikamba chake kizito:

"Mimi Kalekye, mke wa Maingi, nasema nikiwa na akili zangu. Mbithe nilimuoa mimi. Mbuzi nilitoa mimi. Nthoki ni mtoto wa nyumba yangu, na asije mtu akasema ni msichana tu, hata mimi nilikuwa msichana tu. Nyumba ya Dandora ni yao. Akija mtu na tai akasema vingine, mwambieni Kalekye amekataa."

Kisha, kwa kuwa kaseti ilikuwa bado ina nafasi na yeye hakupenda kitu kipotee, akawasalimu watu wote wa kijiji mmoja mmoja, akamsema vibaya mwanamke mmoja aliyemwazima ungo hakuurudisha, akaimba wimbo wa kupalilia, akakohoa, akaendelea kuimba. Alimaliza upande wote.

Fowsiya akachomoa kaseti, akachukua kisu cha nyanya. Ukiutazama mgongo wa kaseti utaona vijino vya plastiki pembeni. Akavivunja, tak, tak. "Bas," akasema. "Hii sasa imetolewa meno. Kitufe ya kurekodi haikubali tena. Hata shetani hawezi kuongea juu ya mama."

Hakusema, wala mimi sikujua, kwamba ukiziba pengo lile kwa selotepu meno yanarudi.

Tulimzika Kalekye Mwingi. Baada ya mazishi ukoo ukaketi, na mzee Kiilu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Mzee Kiilu si mtu mbaya. Ana ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuheshimu mtu yeyote aliyevaa tai. Alitusikiliza sote, akachora chora mchangani kwa fimbo, akasema hawezi kumfukuza mtu wala kumpa mtu nyumba kwa maneno matupu, lakini amesikia kuna kaseti. Basi atakuja Nairobi Jumapili ya mwisho wa mwezi, ukoo ukusanyike nyumbani kwa marehemu, na marehemu aseme mwenyewe. Atakalosema litafuatwa.

Nilishusha pumzi. Muasya akainuka.

"Mzee, ni sawa kabisa. Very correct. Ila hiyo redio ya jirani ni ya soko, itakwaruza. Mimi nina mashine kubwa ya spika mbili. Nipewe kaseti niijaribu mapema, isije ikatuaibisha mbele yako."

"Akae nayo Mbithe mpaka siku hiyo," alisema mama mmoja.

Mzee Kiilu akaitazama tai ya Muasya. Ilikuwa nyekundu yenye vidoti. "Mpe," akaniambia. "Mtu wa ofisi anajua vyombo."

Nikampa. Ningefanya nini? Kumkatalia mzee mbele ya kaburi bichi kungekuwa kumpa Muasya ushindi palepale. Niliitoa kwenye fundo la leso ikiwa bado ina joto la kiuno changu, naye akaipokea kwa ncha za vidole.

Fowsiya aliposikia alikaa kitako juu ya gunia la vitambaa vyake. "Umempa? Kwa mkono yako? Mbithe, wewe ni mwenda wazimu?"

"Si ulivunja meno?"

"Nilivunja." Akavuta vitambaa magotini. "Nilivunja, lakini..." Akaanza kukunja vitambaa vilivyokuwa vimekunjwa tayari.

Jumapili hiyo walikuja wengi kuliko viti. Wazee wa Mwingi waliketi kwenye kochi, kina mama mkekani, wapangaji wetu wakajazana dirishani bila aibu. Mzee Kiilu tulimwekea kigoda. Kiti cha Kalekye nilikuwa nimekiegemeza ukutani makusudi kisikaliwe, na Muasya alipoingia alikivuta moja kwa moja akakikalia. Mkewe, Ndanu, aliingia nyuma yake kimya, amebeba mashine iliyofunikwa kitambaa cha kushona cheupe, kama anabeba mtoto wa kubatizwa. Muasya akakifunua taratibu. Spika mbili kweli, na vitufe vinavyong'aa.

Alihutubia kwanza. Haiwezekani kumwona Muasya mbele ya watu waliotulia asihutubie. Alitukumbusha kwamba vitu vya dunia ni vya kupita, kwamba hata sauti ya mwanadamu hupita, kwamba teknolojia ni nzuri lakini "is not reliable", na kwamba hewa ya Dandora, kwa sababu ya lile jalala, ina vumbi baya sana kwa kaseti. Alilitaja vumbi hilo tena na tena.

Alipoitoa kaseti mfukoni, jua la dirishani likapiga mgongo wake, na kitu kikameremeta. Fowsiya akanibana mkono mpaka nikaumia.

"Selotepu," alininong'oneza. "Ameweka selotepu kwa meno."

Nilisimama. "Mzee Kiilu, kaseti hii imechezewa! Huyu mtu amemfuta mama!"

Kelele zikapanda. Muasya akainua kiganja, akatabasamu lile tabasamu la ofisini, la kumwambia mtu arudi kesho. "Mama, please. Tafadhali. Hapa hatukuja kupiga makelele. Wacha mashine iseme."

"Wacha mashine iseme," mzee Kiilu akakubali, na mimi nikaketi. Nilimtafuta Nthoki kwa macho. Alikuwa mlangoni anawasukasuka nywele watoto wa mpangaji, hajui kwamba huenda anakaa kwenye mlango ule kwa mara ya mwisho.

Muasya mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Hilo nataka likumbukwe. Hakuna aliyemlazimisha.

Ikavuma, shhhh. Muasya akaanza kutikisa kichwa polepole, uso ameuandaa kwa huzuni. Shhhh. "Aaa," akasema. "Unaona, mzee. Ndiyo yale niliyoogopa. Vumbi. Kaseti ikikaa Dandora..."

Ndani ya mashine kijiko kikagonga kikombe.

"Muasya, chai inapoa," ikasema sauti ya mwanamke. "Unafanya nini na hiyo kaseti ya marehemu?"

Watu wote wakamgeukia Ndanu. Ndanu akaangalia viatu vyake.

"Nafanya erase," ikajibu mashine, kwa sauti ya Muasya, tamu, iliyoshiba.

"Erase ni nini?"

"Kufuta kabisa, hata alama haibaki. Nimesoma kwa kitabu ya mashine, imeandikwa clearly, the old recording is erased. Na maikrofoni sijachomeka, kwa hivyo hairekodi kitu. Inafuta tu."

Fowsiya akatoa kicheko kimoja kikali, akanyoosha kidole kwenye vitundu vidogo mbele ya mashine, chini kabisa ya spika. Maikrofoni ilikuwa mle ndani tangu kiwandani. Hata mtoto wa kaka yake Fowsiya aliyeko Jidda anajua hilo. Lakini Muasya alikuwa hajawahi kurekodi kitu maishani, alicheza nyimbo za kwaya tu, na alipofungua kile kitabu alikutana na neno alilolipenda, akaridhika nalo. Sentensi iliyofuata hakuifikia.

Alirusha mkono kuzima. Fimbo ya mzee Kiilu ilifika kwanza, ikalala juu ya vitufe.

"Wacha mashine iseme," akasema mzee.

Ikasema.

"Na ukiulizwa?"

"Nitasema vumbi."

"Mzee Kiilu atakubali?"

"Kiilu?" Hapo mashine ilicheka. "Kiilu ukimwonyesha tai anakusimamia kwa kiti. Huyo anaamini ndani ya redio kuna watu wadogo."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mzee. Dirishani mpangaji mmoja alijiziba mdomo kwa kofia.

"Lakini Muasya," ikaendelea sauti ya Ndanu, na mle ndani ilisikika kama mtu anayeogopa, "mbuzi si ni wewe ulipeleka? Uliniambia mwenyewe tukiwa wachumba. Ulikuwa unacheka."

"Si nilipeleka! Nilitembea na hao mbuzi mpaka viatu ikaisha. Mmoja mpaka akakula kofia ya mzee, baba ya Mbithe, mimi nikajificha nyuma ya ghala nicheke. Lakini sasa nani atasema? Wenye walikuwa hapo wote wamekufa. Mbithe arudi kwao, sisi tupangishe vyumba zote."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni msichana. Ataolewa aende. Mimina hiyo chai."

Kisha ikasikika anakunywa. Mashine yake ilikuwa nzuri kweli. Ilinasa hata ile fyuuu ya mtu anayepoza chai kwa mdomo.

Mzee Kiilu aliondoa fimbo. Akavua kofia yake, akautazama ukingo wake pande zote, akaivaa tena. Sikumwona amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeamka usingizini akakuta amelala kwenye nyumba ya watu.

"Nimewasikia mbuzi," alisema. "Walifika. Mbithe ni mke wa Kalekye, na mtoto ni wa nyumba hii, na nyumba hii ni yao. Yeyote wa ukoo wetu atakayekuja hapa kusema mengine amwone kwanza aliyewaswaga." Akamgeukia Muasya. "Na wewe toka kwenye hicho kiti."

Muasya akatoka. Hakujua asimame wapi, kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyemsogezea nafasi. Tai yake niliiona kwa mara ya kwanza jinsi ilivyokuwa: kipande cha kitambaa, na vidoti vyenyewe vilikuwa vimefifia.

Ungedhani nilipiga vigelegele. Kina mama walipiga. Mimi niliingia jikoni nikalia kwa hasira, nimeshika mwiko, na kama Muasya angechungulia pale ningeuvunja kichwani pake. Nimeshinda, sawa. Lakini ule upande wote wa kaseti, salamu zake, kesi ya ungo, wimbo wa kupalilia na kikohozi kilichoukata katikati, vyote vilikuwa vimekaliwa na makalio ya yule mwanamume na kikombe chake cha chai. Sikuwa na picha ya Kalekye. Hakupenda kupigwa picha, alisema anatokea kama mtu anayedaiwa. Nilikuwa na sauti yake, nikaitoa kiunoni nikampa karani.

Wageni walipoanza kuondoka niliichomoa kaseti kwenye mashine kabla Ndanu hajaifunika. Ndanu alinipisha. "Nisamehe, mama Nthoki," alisema kwa sauti ndogo, na yeye nilimsamehe papo hapo, kwa maana bila maswali yake nisingekuwa na nyumba.

Muasya alibaki mlangoni baada ya wote. Aliita mara mbili kabla sijageuka.

"Mama Nthoki."

Hajawahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa "wewe" au "huyo".

"Nini?"

"Hiyo kaseti. Nipe kidogo tu. Watu wa kanisa wakija kuisikia... unajua mimi ni mzee wa kanisa. Kile ulitaka umeshapata. Nifute tu ile sehemu yangu."

"Ufanye nini?"

"Nifute."

"Kwa Kiingereza wanasemaje?"

Akainyoosha tai yake. Mle mfukoni kichupa chake kilikuwa kimepasuka, labda wakati alipoirukia mashine, na weupe ulikuwa umesambaa kwenye shati lote mpaka mkandani. Alikuwa bado hajauona. Sikumwambia. Nilimtakia safari njema ya Buru Buru, nikafunga mlango.

Jua lilikuwa halijazama Fowsiya alipoleta redio yake ya soko, ile itakayokwaruza, akaiweka juu ya stuli ile ile karibu na jiko, nami nimeteleka ugali wa jioni. Aliing'oa selotepu kwa ukucha, akaibandika chini ya kiatu chake. "Wacha tuangalie," alisema. "Mtu mvivu hufuta kivivu."

Tukamsikiliza Muasya tena, tangu kijiko. Fowsiya alicheka kila mahali. Mimi nilicheka pale pa tai tu. Baada ya chai ikaja sebule yao tupu, saa ya ukutani, mlango, Ndanu akikusanya vikombe. Ikaendelea hivyo mpaka ugali wangu ukashika moto vizuri. Kisha Muasya, kutoka mbali, akasema amechelewa mazoezi ya kwaya na kwamba inatosha, imeisha. Haikuwa imeisha. Hata uovu aliufanya akauacha njiani. Kitufe kikalia, tak.

Na palepale, karibu kabisa na sikio langu, mtu akakohoa.

Nilijua kikohozi kile. Fowsiya naye alikijua, maana aliacha kucheka. Ikasikika sufuria ikiburutwa jikoni, jikoni humu humu, na pumzi ya mtu aliyechoka kuimba.

"Haya basi, nimemaliza," Kalekye akasema. "Mke wangu, zima hiyo kitu, ugali unaungua."

Siku ile ya kurekodi sikuzima haraka. Nilikuwa nashangaa vile vigurudumu vinavyozunguka, ugali ukaungua kweli, na akanisema mpaka wakati wa kulala.

Safari hii nilizima, nikaenda kuugeuza ugali.